Rubani Msaidizi Huanza Kunyamaza Darasani

Ndege ikianguka, swali la kwanza mtaani ni "ilikuwa na hitilafu gani?" Tunaihoji mashine. Leo tuwahoji watu wanaoiendesha, na hasa namna wanavyofundishwa, maana mimi na wewe tunasomea ualimu.

Tuanze na jeshi. Agosti 2012 helikopta 4 za jeshi la Uganda zilikuwa njiani kwenda Somalia kukiunga mkono kikosi cha Umoja wa Afrika. Moja, aina ya Mi-17, ilitua salama Garissa. Zile 3 nyingine, Mi-24 za kivita, ziliangukia Mlima Kenya na askari wakapoteza maisha. Mlima huo una mita 5,199 na upo kwenye kila ramani. Ndiyo maana wanaofundisha usalama wa anga hawaishii kuuliza rubani alifanya nini. Wanauliza pia njia ilipangwaje, hali ya hewa ilisomwaje, nani aliiona hatari, na je, alisema?

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Kwa ndege za abiria tunaweza kulifuatilia vizuri, kwa sababu sauti za marubani hurekodiwa na taarifa za uchunguzi hutolewa hadharani. Mei 5, 2007, usiku wa manane, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Kamerun, kwenda Nairobi ikiwa na watu 114. Nje kulikuwa na giza na mvua ya radi. Rubani mkuu aliagiza mtambo wa kujiongoza uwashwe. Rubani msaidizi hakuitikia, mtambo haukuwashwa, na hakuna aliyehakikisha. Ndege ikaanza kulala upande wa kulia, polepole, bila mtu kuirekebisha. King'ora kilipolia, rubani mkuu alichanganyikiwa na kuizidisha ilikokuwa inalalia. Ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko na hakupona mtu. Wachunguzi walitaja kupotewa na uelekeo gizani, kutofuatilia vipimo, na marubani wawili kutoshirikiana.

Miaka 30 kabla, Machi 27, 1977, Boeing 747 mbili ziligongana uwanjani Tenerife na watu 583 wakafa. Ndani ya moja, injinia wa ndege aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye heshima kubwa kazini, alijibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mkubwa ameshasema, nani aendelee kubisha?

Baada ya ajali za namna hii, mafunzo yalibadilika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, marubani hawakufundishwa tena kurusha ndege tu, walianza kufundishwa kuzungumza. Kwenye mashine ya kuigizia urukaji, mwalimu huleta dharura kwa makusudi, kisha anaangalia kama mdogo atasema na mkubwa atasikia. Agizo likitolewa, anayepokea hulirudia kwa sauti. Orodha ya ukaguzi husomwa hata kama mtu ameshaikariri. Jeshini kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu Luteni amezoea kumpigia saluti Kanali, siyo kumwambia "afande, tuko chini mno." Kwa hiyo katika vikosi vingi vya anga, wakirudi kutoka mazoezini hukaa kikao cha tathmini ambako cheo huwekwa kando, na hata kiongozi wa msafara hutajiwa makosa yake.

Sasa turudi kwetu. Mkoa wa Morogoro una kambi ya ndege za jeshi pale Ngerengere. Mtoto anayesoma leo Mikumi anaweza kesho kukaa kwenye kiti cha rubani msaidizi. Je, tunamwandaa vipi? Mwalimu akiandika ubaoni 7 × 8 = 54, darasa zima linanakili. Wapo walioona. Wamenyamaza kwa sababu wameshajifunza kwamba kumsahihisha mwalimu ni utovu wa nidhamu. Tabia hiyo ya miaka 13 ya shule haifutiki kwa kozi ya wiki mbili.

Mtu atasema heshima ndiyo malezi yetu. Kweli kabisa, na sisemi tuitupe. Lakini mtazame utingo wa lori kwenye barabara inayokatiza hifadhi ya Mikumi usiku. Akiona tembo kabla ya dereva, hangoji kuulizwa wala hatafuti maneno matamu. Anapiga kelele: "Tembo mbele!" Dereva anakanyaga breki kwanza, mengine baadaye. Hakuna aliyevunjiwa heshima hapo, na wote wanafika Iringa.

Basi ukienda mazoezi ya kufundisha, jaribu mambo matatu. Weka kosa la makusudi ubaoni, umshukuru wa kwanza kulisema. Wafundishe namna ya kulisema: "Samahani mwalimu, naomba tuangalie tena mstari wa pili." Na ukitoa maelekezo, mwombe mwanafunzi ayarudie kwa maneno yake, badala ya kuuliza "mmeelewa?" na kuridhika na ile "ndiyooo" ya darasa zima.

Havihitaji bajeti. Vinahitaji mwalimu anayekubali kuambiwa na mtoto wa miaka 12 kwamba hapo umekosea.