Chaza wako anachoka kabla hajafa

Vijana wafugaji, chaza akifunga magamba msidhani yuko salama. Anajikinga, lakini ndani oksijeni inamwishia. Maji yakijaa anafungua, oksijeni inaingia kwa ghafla, na seli zake huzalisha chembe kali zinazokula mafuta na protini kama kutu inavyokula chuma. Wataalamu huuita msongo wa oksidishaji. Vimeng'enya vya mwili huzima chembe hizo, ila kazi hiyo inatumia nguvu ambayo ingekuza nyama na gamba. Msongo ukizidi, chaza anakufa na mtaji wako unaondoka naye.

Pwani yetu ya Mtwara angalia mambo mawili:

1. Jua la bamvua. Maji hupwa sana kuanzia kama saa nne asubuhi hadi adhuhuri, jua likiwa kali. Funga kamba mahali pasipokauka. Ukihamisha mbegu, hamisha alfajiri na uifunike kwa gunia bichi.

2. Maji ya Ruvuma. Mvua za Desemba hadi Aprili hupunguza chumvi karibu na mdomo wa mto. Chumvi ya kawaida baharini ni kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo pima. Maji baridi ni mepesi, hukaa juu. Shusha kamba chini zaidi.

Kila ukikagua, mguse chaza aliyeachama. Asipofunga, mtoe haraka asiwaharibu wenzake.

Ukiwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, omba kibali kwanza.