Kabla ya Kuwaambia Vijana "Sameheaneni"



Kila tarehe 7 Aprili, Rwanda huanza kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Siku hizo wapo wanaotetemeka, wanaokosa pumzi na kupiga kelele kana kwamba wauaji wako mlangoni. Kwa Kinyarwanda hali hiyo huitwa ihahamuka. Huwapata hata vijana waliozaliwa baadaye, waliolelewa katika nyumba zenye huzuni isiyosemwa.

Je, mafunzo ya amani yawaanzie wapi vijana hawa?

Kwanza, huzuni si upungufu wa imani. Katika Surat Yusuf, aya ya 84, Nabii Yaaqub (a.s.) macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni, naye ndiye aliyeshika subira njema. Basi anayelia asiambiwe kwamba hana subira.

Pili, kutolipiza kisasi hakufuti maumivu papo hapo. Wahshi alimuua Hamza, ami yake Mtume (s.a.w.), katika vita vya Uhud. Aliposilimu, Mtume hakumdhuru. Lakini, kama ilivyo katika Sahih al-Bukhari, alimwomba asijitokeze mbele yake kama angeweza. Tukimlazimisha kijana akae ana kwa ana na aliyemuulia jamaa yake ili mradi ionekane upatanisho umefanyika, tunamtwika mzigo ambao Mtume mwenyewe hakujitwika.

Tatu, kupona kuna daraja. Upo utaratibu uitwao Mvura Nkuvure, yaani "niponye nami nikuponye", ulioanza Byumba mwaka 2005. Watu 10 hadi 15 hukutana kila wiki kwa wiki 15, wakiongozwa na wawili wa hapohapo kijijini. Huanza na usalama, kisha kuaminiana, kujaliana, kuheshimiana, mwelekeo mpya wa maisha, na mwisho kumbukumbu. Kumbukumbu imewekwa mwisho kwa sababu mtu hafunui kidonda mbele ya watu asiowaamini. Programu nyingi za siku mbili huanza pale ambapo hawa humalizia.

Sisi wanafunzi tufanye nini? Tusimwombe mtu asimulie yaliyomfika mbele ya hadhara. Akisimulia kwa hiari yake, tulichosikia ni amana, kisitoke nje ya kikao. Akipatwa na ihahamuka, tumpeleke mahali patulivu na tukae naye, tusimzonge. Tusikimbilie kusema ana jini. Tumwombee dua, na tumfikishe kwa mtaalamu wa afya ya akili, kwani Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu.

Msamaha ni jambo tukufu, na utukufu wake ni kutolewa kwa hiari. Kazi yetu ni kumwandalia ndugu yetu mahali salama. Saa ya kusamehe ataijua yeye na Mola wake.

Allah aziponye nyoyo zilizojeruhiwa. Amin.