Safari ya Ng'ambo kwa Mkoba Mmoja



Nadhani wengi wenu mmekwisha sikia kwamba wanafunzi watatu wa Kidato cha Tano watakwenda Uskoti mwezi wa Septemba kuitembelea shule rafiki yetu, na watakaa huko siku 12. Tangu habari hiyo ilipotangazwa, hapana juma lipitalo bila mzazi kunijia na swali lile lile: "Mwalimu, tununue sanduku la ukubwa gani?" Jibu langu huwaudhi. Nawaambia kwamba sanduku halitakiwi. Kila mtoto achukue mkoba mmoja wa kuingia nao ndani ya ndege, uzito wake usizidi kilo 7. Baba mmoja aliniuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini tuziache kilo 23 ambazo zimekwisha lipiwa katika tikiti. Kwa kuwa swali hili ni la wengi, nimeomba nafasi katika gazeti letu nilijibu kwa urefu kidogo.

Yafaa nianze na kosa langu mwenyewe. Mwezi wa Novemba 2011 nilichaguliwa kwenda Edinburgh kwa mafunzo ya walimu wa sayansi, majuma mawili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki, nami nikajitayarisha kama mtu anayehama. Nilinunua sanduku kubwa jekundu lenye magurudumu, nikalijaza suti mbili, pea tatu za viatu, vitabu, unga wa sembe kilo 2, na koti zito nililoazima kwa jirani. Mama naye akaja na chupa ya samli. "Mwanangu, huko kwenye baridi utakula nini?" Nikaipokea, nani amkataliaye mama yake samli?

Sasa sikilizeni. Mimi nina pumu tangu utotoni. Pampu moja nilikuwa nayo mfukoni, nayo ilikuwa karibu kwisha. Ile mpya, pamoja na vidonge vyangu, niliiweka ndani ya sanduku, chini kabisa, ili isivunjike.

Tulibadili ndege njiani, na ile ya kwanza ilichelewa. Sisi abiria tulikimbia tukaiwahi ya pili. Masanduku hayana miguu. Edinburgh nilisimama mbele ya ule mkanda uzungukao na mizigo hata ukasimama, nikabaki peke yangu na shati la mikono mifupi. Nje ilikuwa nyuzi 3. Mwenye pumu ajua jinsi hewa ya baridi ibanavyo kifua. Pampu ya mfukoni ilikwisha usiku ule ule, na saa nane ya usiku mwenyeji wangu, mwalimu mzee mwenye roho nzuri, alinikimbiza hospitali katika gari lake huku nikihema kama samaki aliyetupwa mchangani. Nilipona. Sanduku lilikuja siku ya nne, samli imevuja juu ya suti zote mbili. Ndipo nilipoelezwa kwamba samli yenyewe haikuwa na ruhusa ya kuingia, maana Uingereza, na nchi za Umoja wa Ulaya pia, hazimruhusu msafiri atokaye kwetu kuingiza nyama wala vitu vya maziwa.

Tangu siku hiyo nilianza kulisoma jambo hili kama nisomavyo somo lolote, na mtu wa kwanza niliyemwona kuwa mwalimu wangu ni mwanamke mmoja wa Marekani aliyesafiri kabla babu zetu hawajazaliwa. Jina lake la uandishi ni Nellie Bly. Alipomwomba mkubwa wake wa gazeti la New York ampeleke kuizunguka dunia kwa muda upungukao siku 80, muda aliopewa msafiri wa hadithi ya Jules Verne, aliambiwa haiwezekani: mwanamke angehitaji mtu wa kumlinda, tena angebeba masanduku mengi mno hata akashindwa kuwahi meli na magari moshi. Naye aliondoka tarehe 14 Novemba 1889, umri wake miaka 25, amevaa gauni moja na koti, mkononi mkoba mmoja ambao kitako chake kilikuwa kama inchi 16 kwa 7. Gauni la pili lilikuwa tayari, lakini halikuingia katika mkoba, basi akaliacha. Alirudi tarehe 25 Januari 1890, siku ya 72. Nipendacho zaidi ni kwamba yeye naye alikuwa na chupa yake ya samli: kopo la mafuta ya kupaka uso, ambalo kwa maneno yake mwenyewe lilimsumbua kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa lilikula nafasi na kuuzuia mkoba usifungike.

Haya, tuje kwenye hesabu. Kila shirika la ndege lina kipimo chake, nacho hubadilika, basi sharti kusoma tikiti. Mashirika kadhaa yapitayo kwetu huruhusu mkoba wa sentimeta 55 kwa 40 kwa 23 au karibu na hapo, magurudumu na mshikio vikihesabiwa pia, na uzito wa kilo 7. Zidisheni wenyewe: ni sentimeta za ujazo 50,600, yaani lita 50 na kitu. Nafasi hiyo si haba. Uzito ndio utakaowabana, na hapo wengi hukosea tangu dukani. Katika maabara yetu nilipima kisanduku kidogo cha magurudumu, kitupu, nikapata kilo 3.1. Mkoba wangu wa turubai ni gramu 900. Mwenye kisanduku kile amekwisha tumia karibu nusu ya haki yake kabla hajaweka hata soksi.

Nguo ni jambo la hesabu pia. Chukua mashati matatu katika mkoba na moja mwilini, suruali moja mkobani na moja mwilini, na sweta moja la sufu. Mashati 4 mara suruali 2 mara njia 2 (kwa sweta au bila sweta) ni mavazi 16, nanyi mtakaa siku 12. Lakini sharti rangi zote zipatane, na hili wavulana hulipuuza. Wasichana waweke sketi mahali pa suruali, hesabu ni ile ile. Viatu vizito na koti vivaliwe mwilini siku ya safari. Mtu mwenyewe hapimwi.

Watu huniuliza, je, mashati manne yatoshaje? Yatatosha kwa kufuliwa. Jambo hili si geni kwa mwanafunzi wa bweni, nami nashangaa kwamba kijana afuaye shati lake kila usiku hapa shuleni adhani kwamba akivuka bahari atahitaji mashati kumi. Tofauti ni kwamba hapa lina jua la kulikausha, na kule katika chumba cha baridi halina. Mwaka jana niliwafanyisha Kidato cha Pili jaribio: tulilowesha mashati mawili, moja la pamba tupu na moja lililochanganywa na polista, tukayatundika chumbani jioni. Asubuhi lile la mchanganyiko lilikuwa kavu na la pamba lilikuwa bado na unyevu mishononi. Basi chagueni la mchanganyiko. Tena, ukikwisha kulikamua, litandike juu ya taulo kavu, viringisha vyote pamoja kama mkeka, ukanyage. Taulo litanyonya maji mengi kuliko mkono uwezavyo kukamua.

Na kanga, wapenzi wasomaji! Sijui kitu kingine cha gramu 220 kifanyacho kazi nyingi kama hicho. Ni taulo, ni shuka, ni mtandio wa shingo kwenye upepo, ni pazia, ni mto ukiikunja. Nami mwanamume nachukua moja kila safari, acheni wacheke.

Vitu vya majimaji vina sheria yake, na sheria hiyo ina historia. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walivumbua njama ya kulipua ndege ziendazo Amerika kwa baruti ya maji iliyofichwa katika chupa za vinywaji. Tangu hapo, katika viwanja vingi vya ndege, kila chombo cha majimaji kisizidi mililita 100, na vyombo vyote viingie katika kifuko kimoja kioneshacho cha lita 1. Angalieni kwamba kipimwacho ni chombo, si kilichomo: chupa ya mililita 200 iliyojaa nusu hutupwa. Asali, siagi ya karanga, dawa ya meno na mafuta ya nywele, vyote huhesabiwa kuwa majimaji. Viwanja kadhaa sasa vina mitambo mipya na vimelegeza sheria, lakini uwanja wa kubadilia ndege huenda haujalegeza, basi fuateni kipimo kile cha zamani. Dawa za mgonjwa zina ruhusa yake. Chukueni cheti cha daktari. Sabuni ya kipande haina matata yoyote, tena hufua na kuoga. Na kile kifuko kisiwatie hofu kwa ajili ya katazo letu la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019. Kifuko cha kukaguliwa uwanjani kinakubaliwa, mradi kibaki na msafiri.

Kuna kitu kimoja ambacho sheria yake ni kinyume: pawa benki. Hicho hakiruhusiwi kwenda chini na masanduku, sharti kiwe nawe juu, maana betri ya lithiamu ikishika moto mbele ya watu wahudumu waweza kuizima, lakini chini hapana amwonaye. Kipimo chake ni wati-saa 100. Nyingine zimeandikwa miliampea-saa tu, basi zidisheni kwa volti, halafu gawanyeni kwa 1,000. Ya 20,000 yenye volti 3.7 ni wati-saa 74, yapita. Ya 30,000 ni ngapi? Kidato cha Tatu wataniletea jibu, na waniambie kama itapita bila idhini ya shirika la ndege.

Jambo la mwisho la kupakia, na kwangu ndilo kubwa. Ndani ya mkoba pawe na kifuko kidogo chenye pasipoti, cheti cha chanjo, dawa zote, miwani, pawa benki na shati moja. Ndege ikijaa, wahudumu mlangoni huweza kuwaambia mkoba wenu nao uende chini. Msibishane nao. Toeni kifuko, wapeni mkoba. Mtu aweza kuishi siku nne bila suruali ya pili. Mimi nimekwisha onja siku nne bila pampu.

Sisemi kwamba kila msafiri afanye hivi. Yule aendaye kusoma miaka mitatu na achukue sanduku lake, maana huyo ahamia. Na kilo 23 zilizolipiwa? Naam, zimelipiwa, wala hatutarudishiwa kitu. Lakini nimejifunza kwamba mzigo una bei nyingine ambayo haiandikwi katika tikiti.

Mwaka 2019 nilipigiwa simu usiku kwamba dada yangu, akaaye Muscat na mumewe, amepasuliwa ghafula na hali yake si nzuri. Viza na tikiti vilipatikana kesho yake adhuhuri. Mkoba wangu wa turubai hukaa tayari nyuma ya mlango. Nilitia dawa na kanga, nikaenda. Kule wenzangu wa safari walibaki wakingojea mkanda uzunguke, nami nilipita moja kwa moja nje, shemeji akanichukua, tukafika hospitali kabla mlango wa wageni haujafungwa, kama dakika kumi hivi. Dada alifumbua macho akanitazama, akatazama mkono wangu.

"Mdogo wangu, mizigo yako iko wapi?"

"Ndiyo huu, Dada."

"Yaani hukuniletea hata dagaa?"

Tulicheka, akashika tumbo kwa maumivu ya mshono, muuguzi akanitoa nje. Alikaa hospitali siku tisa zaidi, na sasa ni mzima.

Swali la dada lanikumbusha zawadi, maana najua ndilo litakalowasumbua akina mama. Katika mkoba wangu wa majaribio, baada ya kuweka vyote nilivyotaja, nilikuwa na gramu 5,220. Nikaongeza nusu kilo ya kahawa iliyokaangwa na kanga mbili za zawadi, nikafika 6,160. Ilibaki gramu 840, na humo mzazi aweza kutia kitu apendacho, isipokuwa samli.

Mizani ya maabara itakuwa wazi kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi hata saa sita. Wasafiri wetu watatu waje na mikoba yao imekwisha pakiwa, na wazazi wakaribie pia. Tutapima, tutapakua, tutapima tena. Mwenye pumu kati yao anijie mapema. Nataka kuiona pampu yake kwa macho yangu.