WASIA WA ALIYEHITIMU KWA WANAOANZA

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zetu Waislamu, kila mwaka vijana wetu huondoka pwani kwenda bara kutafuta elimu, na baadhi yao hufika Njoro, karibu na Nakuru. Chuo cha huko kilianzishwa mwaka 1939 na Bwana Maurice Egerton ili vijana wa Kizungu wajifunze ukulima. Baadaye kilifunguliwa kwa watu wa kila rangi, na mwaka 1987 kikawa Chuo Kikuu. Basi mlango waliofungiwa babu zetu leo u wazi kwa wajukuu. Lililobaki ni kujua adabu ya kuingia.

Kijana mmoja wa darsa yetu, aliyehitimu katika chuo kimoja cha bara, aliwausia wenzake waliokuwa wakijitayarisha kusafiri. Alisema:

"Wadogo zangu, baba yangu aliuza kishamba chake cha minazi ili nisome. Jamaa wengine wakanivika hirizi na kuninywesha kombe ili nifaulu. Nami nikaitegemea hirizi, vitabu nikaviacha. Mtihani ulipokuja nikashindwa, ikanilazimu kuurudia mwaka. Nilimficha baba miezi mitatu. Siku niliyomwambia hakunigombeza. Alinyamaza tu, na kimya kile kilinichoma kuliko fimbo."

Kisha akawapa mambo manne.

La kwanza, Sala. Maji ya alfajiri kule ni baridi sana, na mwenye kuiacha Sala moja kwa ajili ya baridi ataiacha ya pili kwa ajili ya usingizi. Na somo likigongana na Ijumaa, mwendee mwalimu mapema umweleze kwa adabu, usitoroke.

La pili, fedha. Zigawe siku ile ile uzipokeapo: chakula, vitabu na nauli ya kurudi. Anayekopa ili aonekane tajiri humaliza masomo ana deni na hana rafiki.

La tatu, wenzako. Soma pamoja na wanaokushinda, hata wakiwa si wa dini yako wala kabila yako, na uwe jirani mwema kwao. Watu wataijua dini yako kwa mwendo wako.

La nne, ukishindwa, sema upesi. Aibu ifichwayo hukua.

Ama sisi wazee, tuzingatie khabari ya hirizi. Mtume wetu (S.A.W.) alimwamrisha mtu amfunge ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Mungu. Kusoma ndiko kumfunga ngamia. Neno la kwanza la Wahyi lilikuwa ni amri ya kusoma. Vipi basi umma huu utake kufaulu bila ya kusoma? Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, alipotoa gazeti lake la al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, alituhimiza tushike elimu ya dini na ya dunia pamoja. Wangapi kwetu hutumia mali ya miaka kwa arusi ya siku tatu, kisha wakasema karo ya mtoto hawana? Na binti naye ana haki ya elimu kama nduguye.

Kijana yule alihitimu, na baba yake alikuwa hai akamwona. Minazi haikurudi, lakini thamani yake haikupotea.

Mwenyezi Mungu awawafikishe vijana wetu, atupe na sisi busara ya kuwasaidia. Amin.