Siku ya Mavazi: Mtoto Asibaki Nyumbani

Siku ya utamaduni shuleni, watoto huja darasani na mavazi ya kiasili. Ni somo zuri, wapendwa. Lakini tumeona mtoto akibaki nyumbani kwa sababu mama hana pesa ya kukodisha vazi. Huyo amefunzwa nini?

Sisi wazazi tuanze na kilichoko nyumbani. Leso huuzwa vipande viwili: kimoja mvike wako, cha pili mvike wa jirani. Mwalimu naye asitoe zawadi kwa vazi la bei. Kila mtoto asome maneno yaliyoandikwa kwenye leso yake, kisha aeleze alivyoambiwa na nyanya: huvaliwa lini, na kwa nini.

Tujadiliane: Mwaka huu, ni nani shuleni kwetu aliyekosa kuja?