Dondoo muhimu: Kusoma majibu ya kolesteroli

Kolesteroli ikizidi haiumi. Kipimo cha damu tu ndicho kinachoionyesha, na karatasi ya majibu ina mitego yake.

1. Usiishie kwenye jumla. LDL, kolesteroli “mbaya”, ndiyo inayoziba mishipa; HDL, ile “nzuri”, husaidia kuiondoa.

2. Angalia kizio kabla ya kushtuka: 5 mmol/L ni karibu 193 mg/dL.

3. Mtajie daktari presha, sukari, sigara, na kama baba au kaka alipata shtuko la moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65. LDL ileile haina uzito uleule kwa kila mtu.

4. Wembamba si kinga.

5. Chupa ya mafuta ikijisifu “haina kolesteroli”, puuza: mafuta ya mimea hayanayo kwa kawaida. Swali ni kama yanaganda. Mawese na nazi tumia kwa kiasi, alizeti ni afadhali.

6. Usiache statini (dawa za kushusha kolesteroli) namba zikishuka, wala usibadilishe dawa hizo na kitunguu saumu. Dawa ndiyo iliyozishusha.

7. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au tayani, jasho likitoka: hospitali sasa hivi, si maabara kesho.