Amana ya Watoto wa Vijijini: Je, Yafaa Kuchanganya Fedha Zao?

Katika darsa ya mwezi uliopita lilizuka swali ambalo hatukuweza kulimaliza kwa usiku mmoja, nalo ni hili: fedha itolewayo na mtu kwa ajili ya mtoto mmoja anayejulikana kwa jina, je, yafaa kuchanganywa na fedha za watoto wengine wa kijiji kile? Waliouliza hawakutaka ubishi. Mfuko wetu mdogo, unaowasaidia watoto wa skuli upande wa Kinango katika Kwale, umefikia mahali ambapo jambo hili halina budi kukatwa.

Yafaa kwanza tujue asili ya mpango huu. Kumpa mfadhili mtoto wake mmoja aliye mbali, kwa jina na picha na barua, ni desturi iliyopata nguvu tangu mwaka 1937, pale mwandishi wa Kiingereza John Langdon-Davies alipoanzisha jumuiya ya kuwasaidia watoto waliopatwa na vita vya Uhispania. Watoaji wakaitwa wazazi wa kulea. Jina hilo lavutia moyo, lakini kwetu sisi lina mpaka wake. Suratul Ahzab, katika aya ya 4 na ya 5, yakataza mtoto wa kulelewa kufanywa mtoto wa kuzaliwa, na yaamrisha aitwe kwa baba yake, ndipo Zaid, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad (S.A.W.), akarudishiwa nasaba ya baba yake Haritha. Kumkafili yatima ni jambo kubwa lenye thawabu, wala halimpi mfadhili ubaba. Kwa hiyo tumeacha kuwaandikisha watoto barua za kuwaita wafadhili “baba” na “mama”. Mtoto ana mama yake, naye ndiye aamkaye alfajiri kwenda kuteka maji.

Je, mpango wenyewe una faida? Unayo. Mwaka 2013 wataalamu watatu, Bruce Wydick na wenzake, walitangaza uchunguzi walioufanya katika nchi sita, zikiwamo Kenya na Uganda, juu ya watu wazima waliofadhiliwa utotoni. Waliona kwamba waliofadhiliwa walisoma zaidi kwa kadiri ya mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Jumuiya iliyochunguzwa ilikuwa ya Kikristo, na wako miongoni mwetu waliokunja uso tulipoitaja. Sisi hatuoni aibu kujifunza kazi njema kwa aliyeifanya.

Lakini mpango huu una ugonjwa wake pia. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha uchunguzi wake juu ya jumuiya za namna hii, likaonyesha kwamba wapo watoto waliokwisha kufa na huku wafadhili wao wakiendelea kulipa bila kuarifiwa. Tulipoisoma khabari ile tulitikisa vichwa, tukasema hao ni watu wa mashirika makubwa, wako mbali na vijiji. Hatukujua kwamba letu laja.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukimlipia msichana mmoja sare, chakula cha mchana na karatasi za mtihani. Mfadhili wake alikuwa mama auzaye mahamri, akitoa shilingi 500 kila mwezi, wala hakuwahi kuchelewa. Mihula miwili ilipita kabla ya mmoja wetu kwenda kijijini kwa safari nyingine, akaambiwa na jirani kwamba msichana yule alikwisha kuhamia kwa mjomba wake upande wa Malindi. Fedha ilikuwa ikipelekwa kwa simu kwa mlezi, na mlezi akijibu “imefika”. Ni kweli ilikuwa imefika. Aliitumia kwa wadogo wa msichana waliobaki, ambao sisi tulikuwa tumewapita kwa kuwa hawakuwa na picha katika daftari letu.

Basi darsa ikagawanyika. Wako waliosema tunyamaze, kwani fedha imeliwa na watoto maskini wa nyumba ile ile, na tukisema tutawavunja moyo watoaji. Wako waliosema huko ni kuficha, na aliyetoa alitoa kwa sharti. Tulikaa hadi saa tano za usiku. Mwishowe tulikwenda kwa mama yule watu wawili, tukamweleza kila kitu, tukampelekea fedha yake ya mihula miwili tuliyoichanga mifukoni mwetu. Hakuitazama fedha. Aliuliza, “Huko Malindi anasoma?” Nasi hatukuwa na jawabu. Ilitubidi twende tukatafute, na hilo ndilo lililotufedhehesha kuliko lile la kwanza.

Sasa turudi kwenye swali letu. Iliposhuka aya ya 10 ya Suratun Nisaa, yenye onyo kali kwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma, Masahaba waliokuwa na mayatima majumbani waliogopa mno. Yapokewa kwa Ibn Abbas kwamba walitenga chakula cha yatima na chao, na kinywaji chake na chao, hata kikawa kinachobaki chaharibika bila mtu kukigusa. Wakaona taabu, wakamwendea Mtume (S.A.W.), ndipo ikashuka aya ya 220 ya Suratul Baqara: jambo la maana ni kuwatengenezea mambo yao, na mkichanganyika nao wao ni ndugu zenu, naye Mwenyezi Mungu amjua mharibifu na mtengenezaji.

Twaona hapa kwamba kuchanganya si haramu kwa dhati yake. Mtoto hali peke yake katika nyumba ya ndugu watano, wala hapati maradhi peke yake. Wilayani Busia, kuanzia mwaka 1998, watoto wa skuli 75 walipewa dawa za minyoo kwa zamu, skuli baada ya skuli. Edward Miguel na Michael Kremer, waliotangaza matokeo mwaka 2004, waliandika kwamba utoro ulipungua kwa kadiri ya robo katika skuli zilizotibiwa. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya baadhi ya hesabu zao, lakini funzo kwetu li wazi: tangu mwaka 2003 skuli za msingi za serikali hazitozi ada ya masomo, na mara nyingi kinachomweka mtoto nyumbani ni tumbo, njaa, sare, au maji yaliyo mbali. Mambo haya hayatengenezwi kwa mtoto mmoja mmoja.

Ila kuchanganya kuna sharti mbili. Ya kwanza, mtoaji aambiwe kabla ya kutoa, si baada. Aliyetoa kwa ajili ya mtoto fulani na asiridhike kuchanganya, fedha yake itengwe. Akikosekana mtoto yule, aulizwe. Ya pili ni zaka. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, na uyatima pekee si mmoja wao. Yatima aliyeachiwa mali na baba yake hapewi zaka kwa jina la uyatima. Kwa hiyo daftari la zaka liwe mbali na la sadaka, na zaka isiingie katika tangi la maji la skuli, ambalo tajiri na maskini hulitumia sawa. Tunajua kwamba wako wanavyuoni waliopanua fungu la “njia ya Mungu” hata likaenea mambo kama hayo. Sisi kwa fedha ya watu tumechagua njia ya tahadhari.

Palibaki neno la nauli. Kijana wetu aendaye Kinango kila muhula hana kazi, na baadhi ya watoaji walinung'unika kwamba anakula sadaka. Aya ya 6 ya Suratun Nisaa imekwisha kulipima jambo hili: msimamizi aliye na uwezo ajizuie, na aliye fakiri ale kwa kadiri ya wema. Basi nauli yake na chakula chake vyaandikwa waziwazi. Sisi wenye maduka na mishahara twajilipia. Aya hiyo hiyo yaamrisha mashahidi wakati wa kukabidhi mali, nasi tulikuwa tukikabidhi kwa ujumbe wa simu. Tangu sasa mwalimu mkuu na mzee mmoja wa kijiji watatia sahihi pamoja na mlezi, na mtoto mwenyewe aonekane kwa macho. Picha hazitabandikwa ukutani tena. Zitakaa katika faili kwa idhini ya mzazi, kama itakavyo sheria ya mwaka 2019 ya kulinda khabari za watu.

Msichana yule tulimpata. Anasoma, na gharama yake yatoka katika fungu lililotengwa, kwa kuwa mama wa mahamri hakuridhia kuchanganya. Hesabu ya muhula itasomwa Jumapili baada ya Alasiri, na madaftari yote mawili yatakuwa juu ya meza. Mwenye shaka na aje na risiti yake.